Hifadhidata Imegoma Kufunguka? Tazama Kwanza Ombi Lako Limeishia Wapi

Asubuhi moja Hajati mwenye duka la jumla Kikuubo, hapa Kampala, alinipigia simu. "Mwanangu, programu imegoma. Wateja wamejaa na risiti hazitoki. Nywila ni ileile mliyoweka jana, hakuna aliyeigusa."

Nilipofika, kioo cha kompyuta kilikuwa na mstari huu:

```
SQLSTATE[HY000] [1045] Access denied for user 'duka'@'localhost' (using password: YES)
```

Kijana wa kaunta alikuwa ameshaandika nywila upya mara tano. Nikafungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye mashine ileile, nikaandika `mysql -u duka -p`, nikaweka nywila kwa mkono. Ikaingia mara moja. Yaani mtu anakubaliwa, programu inakataliwa, na wote wawili wanadai wanatumia nywila moja. Nitarudi kwa Hajati hapa chini, kwa sababu jibu lake ndilo lililonifundisha kutafuta makosa haya kwa utaratibu.

Ombi la programu kwenda kwenye hifadhidata ni safari yenye vituo. Kwanza litafute mashine yenyewe. Kisha ligonge poti, yaani mlango wenye namba ambao seva ya hifadhidata husikiliza: 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL, 1433 kwa SQL Server. Kisha lijitambulishe kwa jina na nywila. Kisha liruhusiwe kuingia kwenye hifadhidata iliyotajwa, na mwisho liruhusiwe kugusa jedwali. Basi la Arua likikwama Karuma, hakuna faida ya kwenda kukagua stendi ya Kampala. Ujumbe wa kosa ndio unaokuambia umekwama kituo gani, kwa hiyo usome wote, hadi namba na mabano yake, kabla hujabadilisha chochote.

"Connection refused" au "timed out": hujafika hata kwenye nywila

Ukiona kosa 2003 la MySQL likiishia na (111) kwenye Linux au (10061) kwenye Windows, maana yake mashine imepatikana lakini kwenye poti ile hakuna anayesikiliza. Ikiishia na (110) au (10060), ombi limepotelea njiani: anwani si yenyewe, au faiawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) imelimeza kimya. Katika hali zote mbili nywila haijatumwa popote, na kuibadilisha ni kupoteza muda.

Jaribu poti peke yake, bila programu:

```
nc -vz 192.168.1.10 3306
```

Kwenye Windows, ndani ya PowerShell, amri ni `Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 3306`.

Kwa huku kwetu, jambo la kwanza ninalouliza ni kama umeme ulikatika usiku. Umeme ukirudi, mambo mawili hutokea sana. La kwanza, huduma ya hifadhidata haikuwekwa ijiwashe yenyewe. `systemctl status mysql` itakuonyesha, na `systemctl enable --now mysql` itaiwasha na kurekebisha. La pili hujificha zaidi: ruta nayo imezimika na kuwaka, ikagawa anwani upya, na seva iliyokuwa 192.168.1.10 sasa ni 192.168.1.14. Programu inaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta na kuitengea seva anwani moja ya kudumu.

Kama seva inawaka na anwani ni sahihi, lakini inajibu yenyewe tu na kuwakataa wa nje, tazama inasikiliza wapi. `ss -ltn` ikionyesha `127.0.0.1:3306`, seva imejifungia ndani, kwa sababu `127.0.0.1` (au `localhost`) ni mashine yenyewe. Kwenye MySQL ya Ubuntu mstari ni `bind-address` ndani ya `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`, kwenye PostgreSQL ni `listen_addresses`, ambayo tangu mwanzo huwa `localhost`. Weka anwani ya mtandao wa ndani wa ofisi. Usiweke 0.0.0.0 kwa mazoea, hasa kama mashine hiyo ina njia ya moja kwa moja kutoka intaneti.

Anayeendesha programu ndani ya kontena (kisanduku cha programu kama cha Docker) akumbuke kwamba `localhost` ya kontena ni kontena lenyewe.

"using password: NO": nywila haikutumwa kabisa

Neno hilo NO ni msaada mkubwa ambao watu wengi huupita bila kuusoma. Programu imefika, imetaja jina, lakini mkono mtupu. Mara nyingi jina la kigezo cha mazingira (thamani ambayo programu huisoma kutoka kwenye mfumo) limekosewa herufi, au faili la mipangilio la `.env` halikusomwa. Hutokea sana kwenye kazi za cron, zinazojiendesha zenyewe kwa saa uliyopanga: ukiendesha skripti mwenyewe inafanya kazi, cron ikiiendesha saa nane usiku inashindwa, kwa sababu cron haijui vigezo ulivyoviweka kwenye terminali yako, na folda inayoanzia kazi si ile uliyosimama wewe.

Kwenye Python napendelea kuandika hivi:

```python
import os
import psycopg

conn = psycopg.connect(
    host="192.168.1.10",
    dbname="stoo",
    user="duka",
    password=os.environ["DUKA_NYWILA"],
    connect_timeout=5,
)
```

Mabano ya mraba baada ya `os.environ` yamewekwa kwa makusudi. Kigezo kikikosekana, programu inasimama palepale na kutaja jina lake. Ukitumia `os.getenv`, inakurudishia `None` kimyakimya, na kosa linajitokeza mbali, likiwa limevaa sura nyingine. Nayo `connect_timeout` inazuia mteja kusubiri dakika nzima mbele ya kioo kilichoganda.

"using password: YES": kuna nywila imetumwa, lakini ipi?

Hapa ndipo tulipokuwa na Hajati. YES inasema tu kwamba programu imetuma nywila fulani. Haisemi kwamba imetuma ile uliyoiandika wewe.

Programu ile iliandikwa kwa Laravel (mfumo wa kuundia programu kwa PHP), kwa hiyo nilifungua `php artisan tinker` na kuuliza swali moja:

```php
strlen(config('database.connections.mysql.password'))
```

Jibu: 6. Nywila tuliyoiweka ilikuwa na herufi 13. Nikafungua `.env`, na mstari ulikuwa hivi (nywila ni ya mfano, ila alama ilikuwa palepale):

```
DB_PASSWORD=Mchele#Kilo50
```

Kwenye faili la `.env` la Laravel, alama ya `#` bila nukuu huanzisha maelezo ya pembeni, na kila kinachoifuata hutupwa. Programu ilikuwa inatuma `Mchele` tu. Nikaizungushia alama za nukuu, `DB_PASSWORD="Mchele#Kilo50"`, nikaendesha `php artisan config:clear`, na risiti zikaanza kutoka. Amri hiyo ya mwisho ni muhimu: Laravel ikiwa imehifadhi mipangilio yake, unaweza kurekebisha `.env` mara kumi na programu ikaendelea kutumia ya zamani.

Tangu siku ile, kipimo changu cha kwanza ni urefu. Unaweza kuuandika kwenye logi (faili la kumbukumbu za programu) bila kuifichua nywila yenyewe. Urefu ukiwa mfupi, kuna alama imekata. Ukizidi kwa herufi moja, karibu kila mara ni mwisho wa mstari ulioingia pamoja na nywila kutoka kwenye faili. Faili likiwa limeandikwa kwenye Windows na kusomwa kwenye Linux, mkia huo ni `\r`, ambao hauonekani kwa macho. Kwenye Python `repr()` itauonyesha, ila fanya hivyo kwenye kioo chako tu, kisha ufute amri hiyo. Urefu ukiwa sawasawa kabisa, basi tafuta kwingine.

Kuna pia wanaoandika muunganisho wote kama anwani moja ndefu. Chukua hii:

```
postgresql://duka:Mchele@50@192.168.1.10:5432/stoo
```

Alama ya `@` ndani ya nywila inaonekana kama mwisho wa nywila. PostgreSQL italalamika kwamba haiwezi kupata mashine inayoitwa `50@192.168.1.10`, na mtu ataanza kushika waya za mtandao ilhali tatizo ni herufi moja. Ukiona kipande cha nywila yako ndani ya jina la mashine, umeshapata jibu. Kwenye anwani ya namna hii `@` huandikwa `%40`, `#` huwa `%23`, `/` huwa `%2F`, `:` huwa `%3A`, na `%` yenyewe huwa `%25`. Python itakufanyia kwa `urllib.parse.quote(nywila, safe="")`. Mimi hupeleka kila kitu peke yake kama kwenye mfano wa juu, na shida hiyo haipo.

Ganda la Linux (shell, linalopokea amri zako) nalo lina mambo yake: nywila yenye `$` ukiiweka ndani ya nukuu mbili, ganda litadhani ni kigezo na kukitafutia thamani. Tumia nukuu moja.

Urefu ni sawa, alama ni sawa, bado 1045? Sasa soma sehemu iliyo baada ya `@` kwenye ujumbe wa kosa. Kwa MySQL, mtumiaji si jina peke yake. Ni jina pamoja na mahali anakotoka. `'duka'@'localhost'` na `'duka'@'%'` ni akaunti mbili, kila moja na nywila yake, kama watu wawili wenye jina moja katika mtaa mmoja. Unaweza kubadilisha nywila ya mmoja siku nzima huku programu inaingia kwa mwingine. Ziorodheshe:

```sql
SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;
```

Na kama hakuna akaunti yoyote inayolingana na mahali hapo, kosa hubadilika na kuwa 1130, `Host ... is not allowed to connect`. Tengeneza akaunti ya mtandao wa ofisi, yenye ruhusa inazohitaji na si zaidi:

```sql
CREATE USER 'duka'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY '...';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON stoo.* TO 'duka'@'192.168.1.%';
```

Nakusihi usiiunganishe programu kwa `root`, akaunti yenye mamlaka yote, eti kwa sababu "hiyo inaingia". Siku programu ikiwa na tundu, aliyeipata ameipata seva nzima.

PostgreSQL ina namna yake ya kukataa

`password authentication failed for user "duka"` ni ujumbe uleule iwe nywila ni mbaya, iwe mtumiaji huyo hayupo kabisa. Imefanywa hivyo makusudi, ili mgeni asiweze kubahatisha majina. Ukweli umeandikwa kwenye logi ya seva yenyewe, kwenye mstari wa `DETAIL`: pale utaona `Role "duka" does not exist`, au kwamba mtumiaji hana nywila, pamoja na mstari gani wa `pg_hba.conf` (faili la kanuni za nani aruhusiwe kuingia) uliotumika kumhukumu. Nenda kwenye logi. Mimi nimeona watu wakizunguka siku mbili kwa kosa ambalo logi ilikuwa imeshalieleza.

Jambo moja dogo linalosumbua: ukiandika `CREATE USER Duka` bila nukuu, PostgreSQL huhifadhi `duka` kwa herufi ndogo. Programu ikija na `Duka`, ni mtu mwingine.

`Peer authentication failed` haihusu nywila. Umeunganisha bila kutaja mashine, ukapitia soketi ya ndani (njia ya ndani ya mashine, isiyopita mtandao), na seva imelinganisha jina lako la Linux na jina la mtumiaji wa hifadhidata. Taja `host="127.0.0.1"` na utaulizwa nywila kama kawaida.

`no pg_hba.conf entry for host` inasema faili hilo halina mstari unaokuhusu. Mistari husomwa kutoka juu, na wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Ukikataliwa nao, seva haiendelei kujaribu wa chini. Kwa hiyo mstari mzuri ulioongezwa mwishoni unaweza usifikiwe kamwe. Ukisharekebisha, endesha `SELECT pg_reload_conf();`. Na tafadhali usiweke `trust` "kwa muda". `trust` maana yake hakuna nywila tena, na hakuna anayekumbuka kuirudisha.

Nywila ni sahihi, draiva ni ya zamani

Kosa hili hujitokeza siku ya kuhamia seva mpya. PostgreSQL toleo la 14, la mwaka 2021, lilifanya SCRAM kuwa njia ya kawaida ya kuhifadhi nywila. Programu ya zamani ya Java itasema `The authentication type 10 is not supported`. Draiva yake (maktaba inayoiunganisha na hifadhidata) inahitaji kuwa 42.2.0 au zaidi. Kinyume chake pia kipo: nywila iliyohifadhiwa kwa md5 kutoka seva ya zamani, halafu `pg_hba.conf` mpya inadai `scram-sha-256`. Hapo hakuna ujanja, weka nywila upya ili ihifadhiwe kwa njia mpya.

MySQL 8.0 ilileta `caching_sha2_password`. Maktaba ya kale ya Node iitwayo `mysql` hushindwa nayo, `mysql2` huiweza. PyMySQL itakuomba uongeze kifurushi cha `cryptography`. Java ikisema `Public Key Retrieval is not allowed`, ushauri ulioenea ni kuwasha `allowPublicKeyRetrieval=true`. Bora uwashe TLS (usimbaji wa mawasiliano), na ombi hilo la ufunguo halitahitajika.

Faili la Access lenye nywila

Shule na SACCO nyingi bado zinatunza kumbukumbu kwenye faili la `.accdb` la Microsoft Access. Programu ikisema faili la `workgroup` halipo au limefunguliwa na mtu mwingine, usilitafute faili hilo. Umeandika `Password=` kwenye maneno ya muunganisho, na hiyo ni ya mfumo wa zamani wa watumiaji. Nywila ya faili lenyewe huandikwa hivi:

```
Provider=Microsoft.ACE.OLEDB.12.0;Data Source=C:\stoo\mauzo.accdb;Jet OLEDB:Database Password=...;
```

Ikilalamika kwamba `provider is not registered`, linganisha biti: programu ya biti 64 haiwezi kutumia draiva ya biti 32.

Umeingia, lakini mlango wa ndani umefungwa

Kosa 1044 nalo huanza na `Access denied`, ndiyo maana watu hukimbilia nywila. Lakini 1044 inasema nywila imekubaliwa, hifadhidata hiyo ndiyo hukupewa. 1049 inasema jina la hifadhidata halipo. PostgreSQL ikisema `permission denied for table`, toa `GRANT`. Na ukiruhusiwa kuandika kwenye jedwali halafu ikakataa `sequence`, ruhusu nayo, kwa sababu namba za safu hutoka huko.

`Too many connections` na `sorry, too many clients already` ni programu inayofungua bila kufunga. MySQL huanza na nafasi 151, PostgreSQL 100. Kuongeza nafasi ni kuahirisha.

Na ile risiti ya kwanza ya asubuhi inayoshindwa kwa `MySQL server has gone away`, ya pili ikatoka vizuri? Seva hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28800, yaani muda wa saa nane. Duka lilifungwa jioni, programu ikaachwa wazi. Fanya programu ijaribu muunganisho kabla ya kuutumia.

Tawi la mbali linaingia leo, kesho linakataliwa

Hajati ana tawi Arua, linalotumia modemu ya laini ya simu. Nilipoliruhusu kwa anwani yake, lilifanya kazi siku moja tu. Modemu hizo hubadilishiwa anwani, na mara nyingi wateja wengi huonekana nje kwa anwani moja. Kuruhusu anwani hakufai hapo, na kufungua 3306 kwa dunia nzima ni hatari kwa wateja ambao majina, simu na madeni yao yamo humo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu azilinde, na zikivuja atoe taarifa.

Tulipitisha kila kitu ndani ya SSH, njia iliyosimbwa kati ya mashine mbili:

```
ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 tawi@anwani-ya-seva
```

Programu ya Arua inaunganisha kwenye `127.0.0.1`, poti 3307. Ukiandika `localhost` kwenye Linux, MySQL itaenda kwenye soketi ya ndani na kuipuuza poti, na utapata kosa 2002 usilolielewa. Jambo la pili: seva inaliona ombi hilo kana kwamba limetoka ndani yake yenyewe, kwa hiyo akaunti inayotumika ni `'duka'@'localhost'`, si ile ya `192.168.1.%`.

Kabla hujafunga kompyuta

Katika kuhangaika, nywila imesafiri: imebandikwa kwenye WhatsApp, imebaki kwenye historia ya terminali, pengine imeingia kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo) pamoja na `.env`. Kuifuta kwenye faili la leo hakuiondoi kwenye historia ya Git. Ibadilishe:

```sql
ALTER USER 'duka'@'localhost' IDENTIFIED BY '...';
```

Fanya hivyo kwa kila akaunti ya `duka` uliyoiona kwenye orodha, kisha iweke nywila mpya kwenye `.env` ndani ya nukuu, kisha `config:clear`, kisha pima urefu. Mwambie wa kaunta atoe risiti moja ya majaribio ukiwa bado umesimama hapo, na upige simu tawini nao watoe moja.